Mkono Wenye Mawese

Kabla ya kufika kwenye kizuizi cha daraja la Tshopo, Mama Ursule alitua kapu lake la sombe, majani ya muhogo ya kuuza, akafungua kichupa cha mawese, akajipaka mkono wa kulia mpaka ukawa mwekundu kama wa mtu aliyetoka jikoni sasa hivi.

Mkono huo uliwahi kuvunjika, na mfupa ulikuwa umeunga zamani. Maumivu ndiyo yaliyokataa kuondoka: vidole mpaka kiganja, hata upindo wa kitenge ukigusa, moto. Na Kisangani, wakati ule wa vita, ukimnyima mtu mkono watasema una sumu, au uko upande wa wale wengine. Lakini mwenye mkono mchafu hutoa kifundo cha mkono, watu wanakishika, mambo yanaisha.

"Yaya Ursule, hata kwa misa unakuya na mafuta," Angèle, jirani yake wa sokoni, alimtania wakiwa njiani. "Mungu atateleza."

"Atashika kifundo."

Siku hiyo barabara ilikuwa imefagiwa. Askari walikuwa wanamngoja koloneli. Komanda wa kizuizi alisimama kama kawaida yake, bunduki mkono wa kushoto, wa kulia ndani ya mfuko wa koti, na jua lote lile. Askari wake, Rolly, ndiye aliyependa kusalimu. Alikuwa anabana mikono ya watu mpaka machozi yawatoke, yeye anacheka.

"Mama, lete mukono."

Ursule akatoa kifundo. "Iko muchafu, mwanangu."

"Kila siku muchafu? Wewe unauzisha sombe, mafuta iko ya nini? Pangusa."

Ursule akavirudisha vidole kifuani. Rolly alishanyoosha mkono kuvikamata.

"Acha ye," komanda akasema. Akavitazama vile vidole, mkono wake mwenyewe bado mfukoni. "Mama, unafanyaka hivi tangu zamani?"

"Tangu zamani, komanda."

"Na watu hawaulizake?"

"Hawaulizake."

"Bon. Lete chupa."

Ursule akaitoa. Walipofika katikati ya daraja, Angèle akanong'ona: "Hawa watu, hata mawese wanakunywaka mabichi."

Nyuma yao gari la jeshi likafunga breki. Wakageuka. Koloneli mnene alikuwa anashuka, mkono umenyooshwa tangu mlangoni.

Mkono wa kulia wa komanda ulikuwa nje ya mfuko, mwekundu kwa mawese, unachuruzika mpaka kwenye buti.

"Utanisamehe, mon colonel," alisema, akikunja kiganja na kutoa kifundo. "Tulikuwa tunapika."