Majina Matano

Kila mtu aliruhusiwa majina matano tu. Barua pepe za hao watano zilimfikia zote. Za wengine zilisomwa kwanza na mtambo, na isiyokuwa na jambo la maana ilizuiwa.

Mwezi wa tatu, Mwantumu alimtoa kwenye orodha yake shangazi Riziki, aliyemlea, akaiweka kliniki ya mtoto.

"Na shangazi je?" aliuliza mumewe, Shekue.

"Yule ni salamu tu, kutwa kucha. Akiwa na jambo, mtambo utalipitisha."

Mwezi wa tano alikuja jirani wa shangazi, kutoka Korogwe. "Tumevunja mlango, mwanangu. Tumemkuta jikoni, sakafuni. Pole sana."

Mwantumu akalirudisha jina la shangazi orodhani, na barua zilizozuiwa zikafunguka, arobaini na moja. Zote zilianza vilevile: *Mwanangu, hujambo? Sisi huku wazima wa afya, hofu ni kwenu tu.* Ya mwisho ilikuwa ya siku nne nyuma. Ilimsalimu Shekue, ikamsalimu mtoto, ikawasalimu mpaka majirani, kisha chini kabisa: *Ama baada ya salamu, nimeanguka, nadhani nyonga imevunjika. Siwezi kuinuka. Njoo.*

Mtambo ulikuwa umeishia kwenye "wazima wa afya".

Ikabidi awaarifu ndugu. Akaanza: *Ndugu zangu, hamjambo? Sisi huku wazima...* Akasita. Akaifuta salamu yote, akaandika: *Shangazi Riziki amekufa. Tunazika kesho.*

Hiyo ikapita, ikawafikia wote papo hapo.