Namba Nane wa Kalenga

Mzee Liberatus aliacha jembe katikati ya tuta, akanawa mikono, akavaa koti lake la kanisani. Kalenga jua lilikuwa bado halijafika utosini, lakini huko Australia jioni ilishaingia, na Mamba wa Darwin walikuwa karibu kuanza mechi.

“Washa simu,” alimwambia jirani yake Clement, akiketi kwenye benchi kabla hajakaribishwa.

Clement ndiye aliyekuwa na simu kubwa. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu wa kandanda, na mpira wa kikapu alikuwa haujui kabisa. Lakini tangu Jofrey, mtoto wa Liberatus, apige simu kutoka Australia kusema amepata kazi kwenye ligi kubwa ya kikapu, Jumamosi wazee hao hawakuwa na pengine pa kwenda. Jofrey alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kila mlangoni. Baba yake hakungoja maelezo. Alimpa mkewe ile simu, akatoka kwenda kutangaza kijijini.

Wiki hiyohiyo alimwona. Picha ilikuwa inakatikakatika na watu wanaonekana wadogo kama siafu, lakini kwenye timu ya Darwin kulikuwa na mchezaji mweusi, mrefu, namba nane.

“Huyo hapo. Tazama miguu. Hiyo miguu ni ya ukoo wetu.”

“Mbona mgongoni kuna jina jingine?” Clement aliuliza.

“Hilo la kazini.”

Ilikuwa miaka saba hawajamwona Jofrey, na macho ya wazee wote wawili yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Clement hakubisha.

Msimu ulianza vibaya. Mamba walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, na kila walipofungwa Liberatus alimpigia mwanawe kumshauri aruke mapema zaidi. Jofrey alisikiliza, akacheka, akajaribu kusema jambo, na baba yake akamkatiza kwa ushauri mwingine.

Mvua za Januari ziliposhika, Mamba nao wakashika kasi. Namba nane alifunga kutoka mbali, alifunga akiwa amekabwa, alifunga huku anaanguka. Sokoni watu walianza kumwamkia Liberatus kwa jina jipya, Baba Nane, naye akaitikia kama aliyebatizwa nalo. Marefa aliwasema wote kwa usawa. Yeyote aliyempulizia kipenga kijana wake hakuwa na macho wala adabu.

Kwenye nusu fainali ndipo Clement alipoona kitu. Mchezaji mmoja alianguka, mechi ikasimama, na kijana mrefu mweusi akaingia na taulo, akapiga magoti, akafuta jasho sakafuni, kisha akarudi kuchuchumaa pembeni. Kamera ilimsogelea kidogo. Clement aliinamia skrini. Shingo ile, mabega yale, si Jofrey huyu?

Akamtazama rafiki yake, aliyekuwa anampigia makofi namba nane mpaka benchi linatikisika. Akaigeuza simu kidogo, kama mtu anayekwepa mwanga.

Siku mbili kabla ya fainali Jofrey alipiga mwenyewe.

“Baba, na mimi nimepangwa fainali.”

“Wangekuachaje wewe?” alisema Liberatus.

Clement, aliyekuwa karibu akisikia yote, aliinamisha kichwa.

Fainali dhidi ya Geelong ilikuwa ngumu. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Mamba walikuwa mbele kwa pointi moja. Mchezaji wa Geelong akaruka kufunga, namba nane akaruka naye, mpira ukapaa nje. Liberatus alishasimama na kunyoosha mikono juu. Kipenga kikalia. Refa alikuwa amemnyooshea kidole namba nane. Geelong wakapewa mitupo miwili, yote ikaingia, na Mamba wakalikosa kombe.

Liberatus alirudi kwake koti likiwa begani. Siku hiyo hakugusa ugali.

Mwezi uliofuata Jofrey alikuja likizo. Mbuzi akachinjwa, pombe ya ulanzi ikaletwa, na watu wakajaa uani kumwona Namba Nane. Clement alimwahi nje, kabla hajaingia.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Nisikilize, mwanangu. Mzee akikuuliza habari za kazi, usimwambie mbele za watu. Mwambie kesho, taratibu. Kufuta sakafu ni kazi halali.”

“Sakafu gani?”

Clement hakupata nafasi ya kujibu. Liberatus alishamshika mwanawe mkono, akamwingiza uani na kumketisha katikati ya wageni. Nyama ilipopita, akasimama na kuwasimulia msimu wote, wa vipigo na wa ushindi, mpaka kwenye fainali. Hapo akaruka yeye mwenyewe kuwaonyesha, na mkewe akamwomba aangalie mgongo. Clement alikuwa anatazama chini, amesahau nyama yake mkononi.

“Mpira aliugusa safi,” alisema Liberatus, akihema. “Yule wa Geelong hakuguswa hata ukucha. Sasa yule refa sijui aliona nini. Ningempata baba yake leo, ningemuuliza tu kwa heshima: mzee mwenzangu, mtoto wako ulimlea vipi?”

Wageni wakacheka. Jofrey aliweka mfupa kwenye sahani, akajifuta vidole kimoja kimoja.

“Ulinilea vizuri, baba,” alisema. “Ile ilikuwa faulo.”