Kibanio Ukurasa wa Mwisho

Baada ya arobaini ya Zamda, mama yake alimpelekea Mwasiti ile riwaya ya majini wanaopanda lifti za mjini na msichana mpelelezi aliyempenda mmoja wao. Zamda alipokuwa amelazwa, marafiki hao wawili walikuwa wakisomeana wodini, kwa mwiko mmoja tu: hakuna kusoma peke yako.

Mwasiti alikitafuta kibanio cha nywele walichokuwa wakiwekea alama. Hakikuwa pale walipoishia. Kilikuwa ukurasa wa mwisho.

“Kamaliza bila mimi! Mjanja huyu!” alisema, akicheka na kulia.

“Aliona siku hazitamtosha, mwanangu.”

Mwasiti alikirudisha kibanio walipoishia, akavuta kiti kitupu karibu yake, akaanza kusoma kwa sauti.