Nyani Muonja Zabibu

Wanyama wa chini ya mlima walikuwa na shamba la mizabibu huko juu mlimani na desturi moja: hakuna kuchuma mpaka muonjaji aseme zabibu zimeiva. Mwaka huo muonjaji alikuwa Nyani, mlafi kupindukia.

Kila asubuhi alipanda shambani, akarudi amekunja uso. "Bado, jamani. Kali kama ndimu."

"Mvua imekaribia, shemeji, zitaoza," alisema Pimbi. "Na mbona tumbo lako linazidi kukua?"

"Ni gesi, shemeji. Ukali huo."

Kumbe alikuwa akizila zilizoiva, na zilizomshinda alizificha kwenye shimo la mwamba. Jua likazipiga, maji yake yakachacha, yakawa mvinyo. Siku moja Nyani alishikwa na kiu, akainama pale, akanywa.

Jioni alishuka akipepesuka, akamkumbatia Pimbi huku analia. "Shemeji, nakupenda! Zabibu tamu kama asali! Zimeiva zamani!"

Wote wakakimbilia vikapu, wakaokoa zilizobaki.

Mwaka uliofuata Nyani alidhani atafukuzwa kazi. Wapi! Pimbi mwenyewe ndiye aliyempendekeza tena. Siku hizi Nyani akirudi tumbo limetangulia na kusema, "Bado," wenzake hubeba vikapu wakaenda kuchuma.