Aliyemsikia Nyenze

Munguti hakuwa na shahada, hakuwa na darubini wala kamera. Kiingereza chake kilikuwa cha masomo ya jioni ya ujanani, baada ya kutwa nzima ya kulipua mawe kwa baruti machimboni. Alichokuwa nacho ni daftari.

Tangu 1998, kwa miaka minne, alikaa kila asubuhi chini ya migunga ya Kitengela na mkewe Nzula, akifuatilia aina moja ya nyenze, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwa umbo hutamtofautisha na nyenze wengine. Kinachomtambulisha ni mlio. Munguti aliandika saa anayoanza, saa anayonyamaza, na mti aliotua. Kuhusu mlio aliandika: "Mwembamba, kama mafuta yanapoanza kupata moto sufuriani."

Makokha, mtafiti wa wadudu kutoka Nairobi, aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Alikuwa mtu wa kusema harakaharaka, basi Nzula aliketi katikati, akimkariria mumewe kila neno sikioni. Makokha aliazima daftari, akaahidi kuwa jina la aliyemgundua nyenze huyo litaandikwa kitabuni.

Kitabu kilifika mwezi wa Machi. Nyenze alikuwemo, na sentensi ya mafuta vilevile. Jina lilikuwa la Makokha peke yake.

Munguti hakula siku hiyo. Alisema mwizi wa ng'ombe ana nafuu, maana ng'ombe hubaki na alama ya mwenyewe. Kisha akawaandikia wachapishaji barua, akamsomea mkewe.

"Nilimsikia mimi, kwa masikio yangu. Sentensi ile niliitunga mimi. Hakuna mwingine anayestahili kutajwa."

Nzula alikuwa akichambua ndengu. "Hakuna mwingine, Baba Mulei?" aliuliza, akiinua sauti. "Uko na hakika?"

"Hakuna. Mtu anafanya kazi miaka minne, halafu unamnyima jina. Huo ni utu?"

Nzula aliinamia ndengu.

Nje, mgungani, nyenze akaanza kulia. Munguti aliendelea kukunja barua, kama mtu asiyesikia kitu. Miaka yote hiyo, mkono wa Nzula ndio uliomgusa Munguti gotini kila nyenze alipoanza, ukamgusa tena aliponyamaza, naye akaandika. Sasa nyenze akalia mpaka akamaliza, na mkono wa Nzula haukutoka kwenye ndengu.

Kisha Nzula akaipokea barua, akaifunga bahasha kwa ulimi wake, akaipeleka posta.