Matunzo ya Usingizi

Tulipoachana, mahakama ilimwamuru Mwandoe anilipe matunzo kwa usingizi. Kila usiku kidude cha ukutani kiliuvuta wake kikanipa mimi. Nililala fofofo, yeye akikodoa macho huko kwake.

Juzi alinipigia. "Mama Mghoi, nimechoka. Kubali wanipunguzie."

"Ulipokuwa ukirudi alfajiri, nani alikuwa akikesha?" Nikakata simu, nikaomba niongezewe. Mahakama ikakubali papo hapo.

Leo nimeamka mwepesi, naimba. Nikamkuta binti yetu mezani, macho mekundu, uji umepoa.

"Mama, sikupata hata lepe la usingizi."

Nikakigeukia kidude.

"Wa baba umekwisha," kikasema kwa upole. "Sasa tunakata kwa mtoto wake."

"Punguzeni! Futeni kabisa!"

"Amri hubadilishwa mara moja kwa mwaka, mama, na umeshabadilisha. Ulale salama."