Mtihani wa Jicho

Asubuhi ya mtihani wa leseni ya uwindaji, Jicho alijifungia chumbani akaanza kuiharibu bunduki yake.

Hakuiharibu kijinga. Aliijua kama anavyolijua goti lake bovu: mtutu ukipata moto ilivuta kulia, risasi za boksi jekundu ziliituliza, na ukiipaka mafuta mengi ilinuna. Mtu anayejua yote hayo anajua pia namna ya kuitia wazimu. Alizungusha kidude cha juu ya darubini, tik, tik, tik, mpaka akaridhika kwamba akilenga katikati ya ubao, risasi itapita juu na kuzama kwenye tuta la mchanga nyuma yake. Kisha akaifuta vizuri, asije akatiliwa shaka.

Alikuwa amechoka kuwinda, basi. Goti lilimuuma, hema lilivuja, na wawindaji wenzake walikoroma kama mashine za kusaga. Safari ya mwisho alilala ndani ya gari kutwa nzima, akadai alikuwa anavizia. Lakini mtu aliyejisifia jicho lake mpaka watu wakasahau jina alilopewa na mama yake hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema amechoka. Watamcheka mpaka kaburini. Akinyimwa leseni kwa sababu ya macho ya uzee, hapo mambo ni tofauti: atapewa pole, ataitukana serikali, halafu atarudi kwenye kiti chake sebuleni na hatatoka tena kwenda kuwinda Ijumaa hata moja.

Na mkewe angefurahi. Tangu waoane, mama huyo alilalamika kwamba ameolewa na mtu aliyeshaoa bunduki. Jicho alipostaafu idara ya mizani na kuanza kushinda nyumbani Jumatatu mpaka Alhamisi, malalamiko yalikoma kabisa. Jicho alimsaidia mengi. Aliyapanga upya makopo ya jikoni kwa uzito. Alisimama nyuma yake kumwonyesha unene unaofaa wa kitunguu. Alimpunguzia sauti ya redio. Mke hakusema neno, na Jicho akaona ameridhika.

"Leo nakwenda na wewe," mkewe alimwambia alipofungua mlango wa chumba; alikuwa amesimama hapo hapo nje. Mkononi alishika bunduki ya marehemu baba yake, iliyofungiwa kabatini miaka na miaka. "Na mimi nijaribu leseni."

Jicho alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama watoto, huo si mwiko wa ugali. Hiyo kitu inapiga teke!"

"Si utanionyesha, baba watoto?"

Uwanjani walilala kifudifudi, yeye mbele ya ubao wake, mkewe mbele ya ubao wa kushoto. Mkaguzi, bwana mnene mwenye filimbi, aliwapa risasi tano kila mmoja. Wawindaji wenzake walijaa kwenye benchi nyuma yao, kwa hiyo Jicho alimfundisha mkewe kwa sauti ya kusikika: kitako kikae begani, pumzi itoke nusu, kidole kibonyeze polepole, usikurupuke. Mkewe akawa anaitikia, ehe, ehe.

Filimbi ikalia. Jicho alilenga katikati kabisa, akafyatua, akaona vumbi linaruka juu tutani. Safi. Papo hapo bunduki ya mkewe nayo ikalia. Akafyatua ya pili, vumbi likaruka palepale, na ya mkewe ikafuata tena.

"Usinifuatefuate! Tulia, piga kwa wakati wako."

"Naogopa kupiga peke yangu."

Wakaenda hivyo hivyo mpaka risasi zikaisha. Kila mara Jicho aliliona vumbi lake juu tutani, na kila mara roho yake ilitulia zaidi. Alianza kuutengeneza uso wake wa huzuni.

Mkaguzi alikwenda kubandua karatasi za shabaha kwenye mbao, akainama, akavua kofia. Alirudi ameinua karatasi ya Jicho juu ya kichwa. Ilikuwa na matundu matano katikati, yote ungeyafunika kwa kikombe kimoja cha chai.

"Leseni ya miaka mitatu mingine!" akapiga kelele. "Jicho, hivi wewe ni mtu au shetani?"

Benchi likalipuka. Walimkumbatia, wakampiga mgongoni, na mmoja akaanza kupanga safari palepale. Jicho aligeuka kulitazama tuta la mchanga, ambako risasi zake zote tano zilikuwa zimezama.

"Na mama je?" mtu akauliza.

Mkaguzi aliikunjua karatasi ya pili kwa huruma. Ilikuwa nyeupe pe, haina hata mkwaruzo. Watu wakacheka, na mama mwenyewe akacheka nao, akasema kumbe ni kazi ngumu hivi, hatarudia tena.

Huku akicheka alivuta bolti ya bunduki yake, akapitisha kidole ndani kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki, akaupangusa mtutu kwa upindo wa gauni, yote bila kuitazama mikono yake. Jicho alimkodolea macho.

"Baba watoto," akamwuliza kwa upole, "Ijumaa unaondoka saa ngapi?"